Mrushaji wa Saa ya Mwisho: Nani Bora, na kwa Hesabu Gani?

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, niliwakuta wenzangu barzani wakibishana juu ya jambo ambalo sikutaraji kulisikia hapa Mombasa. Kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyekuja likizo kutoka New Jersey anakofanya kazi, alikuwa akiwaeleza wazee mchezo wa besiboli. Wazee walimsikiliza kwa adabu, vikombe vya kahawa mkononi, mpaka alipofika kwenye maneno yaliyonikera. "Ami," aliniambia, "mrushaji bora wa saa ya mwisho ni Mariano Rivera. Ameokoa mechi 652. Wa pili ni Trevor Hoffman, 601. Mambo yamekwisha. Hesabu imesema."

Kuhusu Rivera sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwa hayo maneno mawili ya mwisho. Hesabu hiyo naijua ilikozaliwa, namjua aliyeizaa na sababu iliyompelekea, na najua pia namna ilivyokuja kuwapotosha watu wazima wenye akili zao timamu. Nimeona nimjibu hapa gazetini, kwani barzani hakunipa nafasi ya kumaliza hata sentensi moja.

Huenda msomaji akauliza mtu wa pwani amepata wapi habari za besiboli. Jawabu ni rahisi. Mabaharia wa manowari za Kimarekani waliokuwa wakitia nanga Kilindini miaka ya themanini walikuwa wakiacha magazeti yao ya michezo mikahawani, nami nikayaokota na kuyasoma. Tangu hapo sijaacha kuufuata mchezo huu.

Basi kwa wale wanaojua kriketi, nitaeleza kwa ufupi. Mrushaji husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Mpira wake haudundi chini kama wa kriketi. Hupita hewani moja kwa moja. Mpigaji akiupiga, hukimbilia vituo vitatu na kurudi nyumbani, na akifika nyumbani timu yake imepata mbio moja. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wakitolewa. Mrushaji anayeanza mchezo akichoka au akizidiwa, hutolewa, akaingia mwingine. Aliyetoka harudi tena. Huyo anayeingia ndiye tunayemzungumzia: mrushaji wa msaada. Na yule anayewekwa akiba mpaka zamu ya tisa, timu ikiwa inaongoza kidogo, nitamwita mfunga mlango.

Wasomaji wetu wanaijua mas'ala ya imamu ambaye udhu wake umetenguka katikati ya swala. Hujitoa, akamtanguliza mmoja wa maamuma wa safu ya mbele ili aendelee. Yule aliyetangulizwa haanzi swala upya. Huanzia pale alipokomea mwenzake, na hana nafasi ya kusema hakujiandaa. Nisifahamike vibaya, kwani mchezo ni mchezo na ibada ni ibada. Lakini sina mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi hali ya mtu anayeitwa ghafla kuingia katika jambo ambalo wengine wamelianza. Mrushaji wa msaada huingia akiwakuta maadui kwenye vituo, na hao hakuwaweka yeye.

Hapo ndipo penye ila ya kwanza ya hesabu. Wale watu aliowakuta kwenye vituo, akiwaachia waingie nyumbani, mbio zao huandikiwa aliyetoka, si yeye. Kwa hivyo mtu anaweza kuharibu mchezo mzima na daftari lake likabaki safi kama kanzu ya Idi.

Sasa tuje kwenye hii hesabu ya kuokoa. Ilianza na mwandishi wa magazeti wa Chicago aliyeitwa Jerome Holtzman. Mwaka 1959 mrushaji wa msaada wa timu ya Pittsburgh, Elroy Face, alimaliza msimu akiwa ameshinda mechi 18 na kupoteza 1 tu. Watu wakamshangilia. Holtzman akatazama kwa makini, akaona kwamba baadhi ya ushindi huo Face aliupata kwa sababu ya makosa yake mwenyewe: aliingia timu yake ikiongoza, akaupoteza uongozi, kisha wapigaji wake wakamrudishia, naye ndiye aliyeandikiwa ushindi. Wakati huohuo wako warushaji wengine waliokuwa wakiingia, wakizuia, wakitoka, bila kuandikiwa kitu chochote. Holtzman akaona hiyo ni dhuluma, akabuni hesabu ya kuokoa. Mwaka 1969 ikawa hesabu rasmi.

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alitaka kuwapa haki watu waliosahauliwa. Zamani mrushaji wa msaada alikuwa ni mtu aliyeshindwa kuwa mrushaji wa kuanza, mzee aliyekwisha au kijana asiyeiva, na mshahara wake ulikuwa wa mtu wa namna hiyo. Hesabu ya Holtzman iliwapa jina na heshima, na baadaye fedha.

Lakini tazama sharti zake. Mrushaji huandikiwa ameokoa akimaliza mchezo ambao timu yake imeshinda, akiwa ameingia timu ikiongoza kwa mbio zisizozidi tatu, na akarusha zamu moja kamili. Ziko njia nyingine mbili, lakini hii ndiyo iliyozoeleka. Mbio tatu kwa zamu moja! Hata mrushaji wa kawaida hawezi kufungwa mbio tatu kila anapoingia. Waliochunguza madaftari ya miaka mingi wamekuta kwamba timu inayoongoza ikiingia zamu ya tisa hushinda mara 95 hivi katika kila 100, na ilikuwa hivyohivyo kabla hawajakuwapo hawa wafunga mlango wa mishahara mikubwa. Ni kama dukani. Yupo anayefunga milango jioni, wateja wamekwisha kuondoka. Na yupo aliyesimama mlangoni saa sita mchana siku wezi walipoingia. Ukihesabu makufuli yaliyofungwa, wa kwanza ndiye atakayepata tuzo.

Kijana wangu wa New Jersey ataniambia kwamba haya ni maneno matupu. Basi nimpe kisa.

Mwaka 2016 timu ya Baltimore Orioles ilikuwa na mfunga mlango aliyeitwa Zach Britton. Msimu ule alipewa nafasi 47 za kuokoa, akaokoa zote 47. Wastani wake ulikuwa mbio 0.54 kwa kila zamu 9, jambo la kustaajabisha. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo Baltimore ilikwenda Toronto kucheza mechi moja tu ya kufa na kupona: atakayeshindwa arudi kwao, msimu umekwisha. Mchezo ukafika zamu ya tisa timu zikiwa sawa, 2 kwa 2. Ikaja ya kumi. Ikaja ya kumi na moja. Mkufunzi Buck Showalter akamtoa mrushaji huyu na kumwingiza yule, lakini Britton alibaki kwenye ua wa kusubiria. Kwa nini? Kwa sababu mfunga mlango huingia timu ikiongoza, na timu haikuwa ikiongoza. Akaingizwa Ubaldo Jiménez. Katika zamu ile ya kumi na moja Edwin Encarnación aliupiga mpira ukavuka uzio, watu watatu wakaingia nyumbani, Baltimore ikashindwa 5 kwa 2. Mrushaji bora wa mwaka mzima alipanda ndege kurudi kwao bila kurusha hata mpira mmoja.

Showalter si mjinga. Ni mtu aliyekaa katika mchezo huu umri wake wote. Lakini hesabu ya kuokoa ilikuwa imekwisha kumwambia Britton ni mtu wa wakati gani, naye akaitii. Hilo ndilo ninalolilalamikia. Hesabu iliyotungwa ili kuandika kazi ya watu imegeuka kuwa ndiyo inayowapangia kazi.

Mwezi uleule, timu ya Cleveland ilifanya kinyume. Mkufunzi Terry Francona alikuwa na Andrew Miller, mrushaji wa mkono wa kushoto, mrefu kama mlingoti. Francona hakumngojea hadi zamu ya tisa. Alimwita zamu ya tano, ya sita, ya saba, popote alipoona moshi. Miller akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya kupigania kwenda fainali, na watu wengi hawakuweza kukumbuka ameokoa mechi ngapi. Nikiri pia kwamba kufikia mchezo wa mwisho wa fainali mkono wake ulionekana umechoka, na David Ross wa Chicago, mdakaji mkongwe aliyekuwa anastaafu, alimpiga mpira wa kuvuka uzio. Dawa ya Francona nayo ina bei yake.

Sasa orodha yangu. Kipimo changu ni kimoja: mtu huyu aliitwa katika hatari ya namna gani, na alibeba mzigo kiasi gani? Idadi ya milango aliyofunga nitaitazama mwisho, kama mtu anavyotazama saa ya mkononi ya mchumba baada ya kuuliza tabia yake.

Wa nane nimemweka Bruce Sutter. Mechi 300 tu, na kijana wangu atacheka. Lakini Sutter aliumia mkono akiwa bado mchanga, akafundishwa na mwalimu wa timu za chini, Fred Martin, kuushika mpira kwa kuutenganisha vidole viwili. Mpira huo ulikwenda kama wa kasi, kisha ukifika kwa mpigaji ukazama kana kwamba umekatwa kamba. Baadaye warushaji wengi wakauiga. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown, mrushaji wa kwanza kuingia humo bila kuwahi kuanza mechi hata moja. Alifariki mwaka 2022.

Wa saba na wa sita walinikosesha usingizi. Moyo wangu unampenda Billy Wagner. Alizaliwa mtu wa mkono wa kulia. Akiwa mtoto akauvunja, ukapona, akauvunja tena, naye akaanza kurusha kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono huo wa kujifundisha alikuja kuwa miongoni mwa warushaji wenye kasi kubwa kabisa wa zama zake, akaokoa mechi 422, akamaliza na wastani wa 2.31, na mwaka 2025 Cooperstown ikamfungulia mlango katika mwaka wake wa kumi na wa mwisho wa kupigiwa kura. Lakini kipimo ni kipimo, hakipindwi kwa mapenzi. Katika mechi za mwisho wa msimu, zile zenye uzito, wastani wa Wagner ulikuwa zaidi ya mbio 10. Zamu alizorusha humo zilikuwa chache, najua. Hata hivyo siwezi kujifanya sikuziona.

Kwa hivyo Hoffman yuko juu yake kwa nafasi moja. Hoffman alianza kama mchezaji wa ndani wa uwanja, akashindwa kupiga, akageuzwa mrushaji. Kasi ilipompotea baada ya kuumia bega, alijifunza mpira wa polepole unaotoka kwa mkono uleule na mwendo uleule wa mpira wa kasi, na wapigaji wakawa wanaupiga upepo kabla mpira haujafika. Alikuwa wa kwanza kufikisha mara 500, wa kwanza kufikisha 600. Lakini katika fainali ya 1998 Scott Brosius wa Yankees alimpiga mpira wa kuvuka uzio wenye mbio tatu, palepale San Diego. Na tarehe 1 Oktoba 2007, mechi moja ya kuamua nani aendelee, alikabidhiwa uongozi wa mbio mbili katika zamu ya kumi na tatu huko Colorado. Wakamfunga tatu. Mtu anayewekwa wa pili katika historia yote ya mchezo lazima aulizwe juu ya usiku kama huo. Ila kwa insafu niseme kwamba timu yake haikumpa misimu mingi ya kufika huko juu, na haya nayo si makosa yake.

Wa tano ni Rollie Fingers, aliyeifungia Oakland mechi za ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Watu humkumbuka zaidi kwa masharubu. Mwenye timu aliwapa wachezaji dola 300 kila mmoja wafuge masharubu, na Fingers akayasokota ya kwake kama pembe za mbuzi. Asishushwe kwa sababu ya masharubu. Mwaka 1981, akiwa Milwaukee, alichukua tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora kwa pamoja.

Wa nne ni Dennis Eckersley, na hapa nitasutwa, kwani ndiye mtu ambaye kwa ajili yake mkufunzi Tony La Russa aliufanya huu mtindo wa zamu moja ya mwisho kuwa desturi. Nitampaje nafasi hiyo mtu aliyeleta maradhi ninayoyalaumu? Nampa kwa sababu kabla ya hapo alikuwa mrushaji wa kuanza kwa miaka kumi na miwili, na jumla ana ushindi 197 pamoja na kuokoa mara 390. Alikuwa mlevi, akajitia tiba mwanzoni mwa 1987, akaiacha pombe, na yote makubwa aliyoyafanya katika kufunga milango yalikuja baada ya hapo. Mwaka 1990 alirusha zamu 73 na ushei akawapa wapigaji wanne tu kituo cha bure. Wanne, msimu mzima! Na jambo la tatu. Mwaka 1988, mchezo wa kwanza wa fainali, akiwa amebakisha mtu mmoja tu wa kumtoa, Kirk Gibson wa Los Angeles aliyekuwa akichechemea miguu yote miwili alimpiga mpira ukavuka uzio, mchezo ukaisha. Eckersley alikwenda kwenye kabati lake, akasimama, akawajibu waandishi swali baada ya swali mpaka walipomaliza wenyewe. Wangapi wangelijificha bafuni?

Wa tatu ni Richard Gossage, waliyemwita Goose, yaani bata bukini. Huyu mwenyewe hulalamika mara kwa mara kwamba si haki kumlinganisha na wafunga mlango wa leo, na ingawa hulalamika kwa ukali kupita kiasi, ana haki. Aliitwa zamu ya saba, ya nane, watu wako vituoni, akamaliza mwenyewe. Tarehe 2 Oktoba 1978 Yankees na Boston walicheza mechi moja ya kuvunja usawa baada ya mechi 162 za msimu. Gossage aliingia zamu ya saba. Walimfunga mbio mbili, akatetereka. Zamu ya tisa, New York ikiongoza 5 kwa 4 na watu wawili wako vituoni, akakutana na Carl Yastrzemski, fahari ya Boston. Yastrzemski akaupiga mpira juu, ukashuka mkononi mwa mlinzi wa kituo cha tatu. Kwenye daftari hiyo ni mara moja tu ya kuokoa, sawasawa na ya mtu aliyeingia leo akiongoza kwa mbio tatu na hakuna adui kituoni.

Wa pili ni mzee Hoyt Wilhelm, na kwa ajili yake niko tayari kubishana hadi alfajiri. Alipigana Ulaya katika vita vikuu vya pili, akajeruhiwa, akapewa nishani ya majeruhi. Aliingia katika ligi kuu mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 29, umri ambao wengine huanza kufikiria kustaafu. Silaha yake ilikuwa mpira unaorushwa kwa ncha za vidole bila kuzunguka, ukayumba hewani kama nzi, hata mrushaji mwenyewe hajui utatua wapi. Inasemekana aliujua mpira huo akiwa kijana kwa kusoma gazetini habari za mrushaji mwingine. (Wanaosema magazeti hayafundishi kitu na wasome tena sentensi hiyo.) Ulikuwa mgumu kudakwa kiasi kwamba mwaka 1960 mkufunzi wake huko Baltimore, Paul Richards, alimtengenezea mdakaji glavu kubwa kama ungo. Wilhelm alirusha zamu zaidi ya 2,200, wastani wake 2.52, na alicheza mechi yake ya mwisho Julai 1972, zikibaki siku 16 tu atimize miaka 50. Mechi yake ya kwanza kushika gongo alipiga mpira ukavuka uzio. Katika mechi elfu na zaidi zilizofuata hakupiga mwingine tena. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika kabla ya 1969, wakati hesabu ya kuokoa haijawa rasmi. Mwaka 1985 alikuwa mrushaji wa msaada wa kwanza kuingia Cooperstown. Kwa hesabu ya kijana wangu, waliookoa mara 228 hawasomwi hata majina.

Wako watatu ambao sikuwapa nafasi lakini siwezi kuwapita kimya. Mike Marshall mwaka 1974 alicheza mechi 106 katika msimu mmoja, akarusha zamu 208 bila kuanza mechi hata moja. John Hiller wa Detroit alipatwa na mshtuko wa moyo Januari 1971 akiwa na miaka 27. Alirudi uwanjani mwaka uliofuata, na mwaka 1973 akaokoa mechi 38, wakati huo hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Na Yutaka Enatsu wa Japani, kwani besiboli ya kulipwa haiko Marekani peke yake. Mwaka 1979, mchezo wa saba wa fainali ya nchi yao, Hiroshima inaongoza 4 kwa 3, zamu ya tisa, vituo vyote vimejaa na hajatolewa mtu hata mmoja. Alijiingiza mwenyewe katika dhiki hiyo, na akajitoa. Wajapani mpaka leo huhesabu mipira 21 aliyorusha katika zamu ile, mmoja mmoja.

Nimebakiwa na Rivera.

Ni mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama. Alipokuwa mdogo alicheza kwa glavu za makaratasi magumu ya maboksi ya maziwa. Alifanya kazi katika chombo cha baba yake cha kuvua sardini, na wakati mmoja chombo kilipozama ilibidi wakiache baharini na kujiokoa. Watu wa Vanga na Shimoni hawahitaji kuelezwa maana ya hilo. Mwaka 1990 Yankees walimwandika kwa dola elfu chache tu. Mwaka 1997, akirushiana mpira na mwenzake kabla ya mechi, mpira wake ukaanza kukata upande dakika ya mwisho bila yeye kutaka. Akajaribu kuuondoa, ukakataa. Mwenyewe husema alipewa na Mungu. Kwa mpira huo mmoja alicheza hadi 2013, na wapigaji wote walijua ndio unaokuja. Ulivunja magongo mengi hata timu ya Minnesota, alipokuwa anaaga, ikamzawadia kiti cha kubembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika. Yeye ndiye wa mwisho kuvaa nambari 42 kila siku, nambari ya Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza kuvunja ubaguzi katika ligi kuu za karne ya ishirini. Mwaka 2019 alipata kura zote 425 za Cooperstown. Hakuna aliyewahi kuzipata zote kabla yake.

Lakini si kwa hayo nimemweka wa kwanza, wala si kwa 652. Katika mechi za mwisho wa msimu, miaka yote hiyo, alirusha zamu 141, akafungwa mbio 11 tu zilizohesabiwa juu yake. Wastani 0.70. Wanaadamu waliokanyaga mwezini ni 12.

Na zamu bora alizowahi kurusha hazimo ndani ya 652. Tarehe 16 Oktoba 2003, Yankees na Boston, mchezo wa saba, atakayeshinda aende fainali. Rivera aliingia zamu ya tisa timu zikiwa sawa, 5 kwa 5. Mkufunzi wake Joe Torre hakungojea kuongoza. Akarusha ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, hakuna aliyefika nyumbani. Kisha Aaron Boone akaupiga mpira ukavuka uzio. Wenzake walipomkimbilia Boone, Rivera alikimbilia kichuguu cha mrushaji akaanguka kifudifudi analia. Daftari la kuokoa la siku hiyo linasema sifuri. Kwa kijana wangu, usiku ule haukuwapo.

Tena alishindwa, na alishindwa hadharani. 1997 mbele ya Cleveland. 2004 mbele ya Boston. Na 2001, mchezo wa saba wa fainali, anaongoza kwa mbio moja zamu ya tisa huko Arizona, akarusha vibaya kituo cha pili, kisha Luis Gonzalez akaupiga mpira dhaifu ukaanguka nyuma tu ya walinzi. Ubingwa ukapotea mikononi mwake.

Mwenzake mmoja wa timu, Enrique Wilson, alikuwa amekata tikiti ya kurudi kwao Santo Domingo baada ya maandamano ya ubingwa. Maandamano hayakuwapo, kwa hivyo Wilson aliibadilisha akaondoka mapema. Ndege aliyokuwa aipande iliruka kutoka New York tarehe 12 Novemba 2001 ikaanguka muda mfupi baadaye. Walikufa watu 265. Rivera alisema anafurahi kwamba walishindwa, kwa sababu bado ana rafiki yake.

Kijana anarudi New Jersey Jumapili. Orodha nimemwandikia kwa mkono. Akiwa na hoja ya kumshusha mzee Wilhelm na ailete kabla ya hapo. Barza iko palepale, baada ya Isha.